Naanza MD mwaka huu, nipo Tanga: wiki hizi sita nifanye nini, na nikifika nisomeje?

BintiMakorora:

Shikamooni wakubwa, wa rika langu habari zenu.

Nimemaliza form six PCB (fizikia, kemia na baiolojia), nimepata MD, shahada ya udaktari, chuo kimoja cha Dar na nimeshathibitisha nafasi. Kufungua bado kama wiki sita. Niko nyumbani Makorora, nina laptop kuukuu na simu ya Android, bando ni la kuungaunga.

Nauliza manne. La kwanza, nimepewa flashi imejaa madesa ya mwaka wa kwanza mzima: noti, slaidi, pepa za nyuma. Nianze kuyapiga msuli sasa au niyaache? La pili, shule nilikuwa naandika noti safi za kalamu za rangi, nazirudia mara tatu nne, pepa ikija nafaulu. Naambiwa huko mtindo huo haufui dafu. Kwa nini, na badala yake nifanye nini? La tatu ni anatomia. Kila mtu ananitisha nayo, hakuna anayeniambia inasomwaje. La nne, ninunue nini? Baba anataka kunizawadia stetoskopu nzuri ya bei kubwa.

Raskazone_Daktari:

Marahaba mwanangu, na hongera.

Flashi iweke kando. Pepa za nyuma zina kazi kubwa, lakini kazi yake ni pale mada imeshafundishwa: zinakuonyesha mtahini anachimba kina gani. Ukizifungua leo utakariri majibu ya maswali usiyoyaelewa. MD ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Wiki sita hazitakuweka mbele ya mtu. Zitumie kurudia baiolojia ya seli ya form five: utando wa seli, maji na chumvi vinavyopita, enzaimu, protini inavyotengenezwa. Fiziolojia na biokemia zinaanzia hapo na lekchara hatarudi nyuma kukusubiri. Ukimaliza hayo, tembea, lala, saidia nyumbani.

Swali la pili ndilo kubwa, kwa hiyo nitakaa nalo.

Noti za rangi zinakudanganya kwa njia moja: ukurasa ukiuona mara ya tatu unaufahamu sura, na kichwa kinachukua kule kuufahamu kama kwamba ndiko kujua. Chumba cha mtihani hakikuonyeshi ukurasa. Kinakutaka uutoe kichwani, na kutoa ni kazi nyingine kabisa inayohitaji mazoezi yake. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma vipindi vinne. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja, kisha likajaribu kukiandika kwa kumbukumbu mara tatu bila kukiangalia tena. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne waliongoza: asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tu walibaki na 40, waliojipima walibaki na 61. Shule ulisoma leo ukafanya pepa kesho kutwa, kwa hiyo hukuona tofauti. Chuoni mada ya wiki ya pili utaulizwa mwisho wa semista, na utaihitaji tena wodini mwaka wa tatu.

Kwa siku moja ya mihadhara fanya hivi. Usiku wa kuamkia, dakika 15 tu: pitia vichwa vya habari na picha, andika maswali matatu unayotaka yajibiwe. Ndani ya mhadhara usinakili slaidi, utapewa. Andika lekchara anachosema ambacho hakipo kwenye slaidi, na mahali ulipopotea. Jioni hiyo hiyo, kabla ya kufungua chochote, chukua karatasi tupu, dakika kumi, andika na chora kila unachokumbuka. Utaona aibu, ni kawaida. Ndipo ufungue noti na ujaze mapengo kwa kalamu nyekundu. Wekundu huo ndio unaogeuka maswali ya kurudia: kesho yake, siku ya tatu, ya saba, wiki ya pili, mwezi. Ulichoandika kwa wino wa kawaida usikiguse tena wiki hiyo. Wengi wanapoteza saa nyingi kurudia wanachokijua kwa sababu kinafurahisha.

Kalamu zako za rangi usizitupe. Kwenye anatomia ateri ni nyekundu, vena bluu, neva njano. Nje ya hapo ni mapambo.

FundiMifupa:

Nachukua anatomia.

Inatisha kwa wingi wa majina. Ugumu wake ni mdogo kuliko wa fiziolojia. Kosa la kwanza la wanaoanza ni kusoma msuli mmoja mmoja kama orodha ya majina ya darasa. Fuata mpangilio: mfupa kwanza, na uushike mkononi, ujue kila tuta na kila shimo lake. Kisha maungio ya mifupa, kisha misuli kwa makundi, mwisho mishipa ya damu na neva zinapopita. Ukiujua mfupa, msuli unajieleza wenyewe, maana unapoanzia na unaposhikia ndiyo kazi yake.

Pili, shika kanuni na yule mmoja anayeivunja. Misuli ya ulimi yote inaendeshwa na neva ya 12 ya kichwa, isipokuwa palatoglosasi, ya neva ya 10. Misuli ya ndani ya larinksi (kisanduku cha sauti kooni) yote inatumia neva ya rikarenti, isipokuwa krikothairoidi. Misuli ya mbele ya kigasha yote ni ya neva ya mediani, isipokuwa msuli mmoja na nusu ya mwingine, upande wa kidole kidogo, ambayo ni ya neva ya alna. Sentensi tatu hizo zimebeba misuli zaidi ya ishirini. Mtahini naye anampenda yule mmoja asiyefuata kanuni, mtafute wewe kabla yake.

Tatu, chora. Mfano ni ule mtandao wa neva za mkono unaotoka shingoni, brakial pleksasi, unaowaliza wengi. Hesabu yake ni 5, 3, 6, 3, 5: mizizi mitano (C5, C6, C7, C8, T1), mashina matatu, migawanyiko sita, kamba tatu, neva kubwa tano. Uchore bila kuangalia kila asubuhi mpaka uumalize kwa dakika mbili. Lakini ukiishia hapo utausahau. Ufungie kwenye majeraha. Mfupa wa juu wa mkono ukivunjika katikati, neva ya radiali inaumia na mgonjwa hawezi kunyanyua kiganja. Ukivunjika shingoni mwake karibu na bega, inaumia neva ya aksilari, na deltoidi, msuli wa bega, inalegea. Dereva wa bodaboda akirushwa akatua kwa bega, shingo ikavutwa upande wa pili, mizizi ya C5 na C6 inachanika: mkono unaning'inia ubavuni, umegeukia ndani, kiwiko kimenyooka. Kwa bodaboda za barabara ya Tanga kwenda Horohoro, hilo si swali la kitabuni tu.

Chumba cha maiti: soma eneo lenyewe usiku kabla ya kuingia. Ukiingia bila kusoma utatumia saa mbili kuondoa mafuta na kutoka hujaona kitu. Kutofautisha: ateri ina ukuta mnene na inabaki duara, vena ina ukuta mwembamba, imelala bapa na mara nyingine ina damu nyeusi iliyoganda, neva haina tundu, ni nyeupe na ngumu kama uzi wa katani. Aliyelala mezani ni binadamu, na pengine ndugu zake wapo hai, kwa hiyo hakuna picha, hakuna mzaha, simu inabaki kwenye begi.

Mtihani wa vitendo mara nyingi ni wa vituo: kengele inalia, unahama, kila kituo una dakika moja au mbili za kutaja kilichochomwa pini. Alama zinapotelea mahali pale pale kila mwaka. Mtu anaandika jina bila kutaja upande, au anajibu pini ilipochomwa bila kufuata kwa macho mshipa unakotoka na unakokwenda, au anakwama kituo cha nne akaharibu cha tano na cha sita. Ukishindwa acha nafasi, nenda.

Mgosi_wa_Muheza:

Salaam mgosi mwenzetu. Waliotangulia wamesema vizuri, ila naona hakuna aliyetaja kadi za kujipima, swali mbele jibu nyuma, na hapo ndipo watu wanapoharibu.

Programu ya kadi hizo ni Anki, nayo ndiyo inayokupangia kadi ipi irudi lini. Kwenye kompyuta ni bure, kwenye Android tumia AnkiDroid, nayo bure. Ya iPhone inalipiwa. Ukishaiweka haihitaji bando wakati wa kusoma. Kadi moja, jambo moja. Kadi inayouliza "eleza neva ya mediani" ni takataka. Igawe: inatoka kamba zipi, inapita wapi kwenye kiwiko, inalisha nini kiganjani, ikibanwa kwenye kifundo cha mkono mgonjwa anapata ganzi vidole gani. Anza na kadi mpya 20 kwa siku, si zaidi. Hesabu yake ni hii: mpya 20 kila siku, baada ya wiki chache zinakuletea marudio 150 hadi 200 kila siku. Anayeanza na 60 kwa mbwembwe anazama kabla ya testi ya kwanza na kuifuta programu. Ukikosa siku nne, simamisha kadi mpya, punguza deni kidogo kidogo mpaka liishe, ndipo uendelee. Tengeneza kadi zako mwenyewe kutokana na ule wekundu wa daktari hapo juu. Kadi za kudownload zimeandikwa kwa mitihani ya nchi nyingine.

Ninapotofautiana na wengi: kadi hazifundishi fiziolojia. Fiziolojia ni mnyororo wa sababu, na ukiukata vipande vipande umeua maana. Chukua mtu aliyevuja damu. Damu inayorudi moyoni imepungua, kwa hiyo kila pigo linatoa kidogo. Mtu mzima akiwa ametulia moyo unatoa kama mililita 70 kwa pigo, mara mapigo 72, karibu lita tano kwa dakika. Pigo likishuka, presha inataka kushuka. Vihisio vya shingoni na kwenye upinde wa aorta vinapunguza taarifa zake kwa ubongo, ubongo unaamsha neva za simpathetiki: moyo unaenda mbio, mishipa ya ngozi inabana, ngozi inakuwa baridi na jasho. Figo nazo zinatoa renini, inakuja angiotensini, inakuja homoni ya aldosteroni, chumvi na maji vinashikiliwa. Sasa jibu mwenyewe: kwa nini kijana aliyevuja damu nyingi anaweza kufika mapokezi na presha nzuri lakini mapigo 130? Ukiweza kulijibu kwa sauti, mbele ya ukuta, bila karatasi, umesoma. Popote uliposema "halafu inatokea tu", hapo ndipo pa kurudia.

Biokemia isome kwa kinachoharibika. Usianze na hatua kumi za glaikolisisi, yaani uvunjaji wa glukosi. Anza na hatua zinazodhibiti kasi, kisha magonjwa. Kwa sisi wa ukanda wa malaria mifano iko mlangoni. Selimundu ni asidi amino moja tu iliyobadilika, valini mahali pa asidi glutamiki, nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta. Mtoto hasumbuliwi miezi ya mwanzo kwa sababu bado ana himoglobini ya kichanga. Mwenye jini moja tu la selimundu hukingwa dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954 kwa kazi aliyoifanya Afrika Mashariki. Upungufu wa G6PD, enzaimu inayoanzisha njia ya pentosi fosfeti, nao: chembe nyekundu haiwezi kujikinga na oksidesheni, mgonjwa akipewa primakwini, dawa ya malaria, chembe hizo zinapasuka. Njia hiyo nzima utaikumbuka kwa kidonge kimoja.

BintiMakorora:

Asanteni sana, nimeanza kuelewa. Naomba kuongeza: histolojia, ile ya kuangalia tishu kwa hadubini, mbona hamjaitaja? Na kusoma kwa kundi kunasaidia, au ni kupiga soga kwenye vimbweta? Na je, kukesha ni lazima?

FundiMifupa:

Histolojia inakosewa kwenye hadubini yenyewe. Anza lenzi ya 4, weka tishu katikati, panda 10, kisha 40. Ukiwa kwenye 40 gusa skrubu ndogo tu. Skrubu kubwa hapo inavunja slaidi na kukwaruza lenzi. Ya 100 inataka tone la mafuta, na yafutwe baadaye. Rangi za kawaida: kiini cha seli bluu ya zambarau, saitoplazimu waridi. Kabla ya kutaja jina jiulize kwa mpangilio: kuna tundu? Utando wa juu una tabaka moja au mengi? Seli zina umbo gani? Chini yake kuna tezi? Utumbo mwembamba kwa mfano: ukiona tezi za Brunner chini ya utando ni duodeni, ukiona mabaka ya Peyer ni ileamu, usipoona vyote viwili ni jejunamu.

Embriolojia usiiachie wiki ya mwisho. Wiki ya tatu mpaka ya nane ndiyo viungo vinaumbwa. Mrija wa neva unafunga upande wa kichwa karibu siku ya 25 na upande wa mkia karibu siku ya 28. Wakati huo mama wengi hawajajua kama wana mimba, ndiyo maana foliki asidi inatakiwa kabla ya mimba.

Raskazone_Daktari:

Kundi: watu watatu au wanne, dakika 90, na kila mmoja aje ameshasoma. Mmoja anafundisha mada ubaoni bila karatasi, wengine wanauliza "kwa nini" mpaka akwame. Kundi la watu tisa wanaosoma slaidi kwa pamoja ni soga, umesema sawa. Nyakati nyingine soga ni dawa, lakini usiihesabu kama saa za kusoma.

Kukesha hapana. Kumbukumbu ya mchana inaimarishwa usingizini, hivyo anayekesha analipa mara mbili: hajahifadhi ya jana na hana umakini wa leo. Saa saba za usingizi ziweke kwenye ratiba kama kipindi.

Halafu, jambo ambalo wageni hawaulizi: siku ya kwanza tafuta kanuni za mitihani za chuo chako uzisome. Vyuo vingi alama za kozi ni 40 na mtihani wa mwisho 60, na kuna kiwango cha chini kwenye alama za kozi ili uruhusiwe kukaa mtihani. Anayedharau testi ya kwanza ndiye anayehesabu vidole wiki ya 14. Jua pia sapu (mtihani wa marudio) inafanyika lini na kitu gani kinakudisko, yaani kinakuondoa chuoni. Testi ikirudi mbaya, gawa makosa mafungu matatu: sikuwahi kujua, nilijua nikashindwa kutoa, nilisoma swali vibaya. Fungu la kwanza linataka kusoma zaidi, la pili kujipima zaidi, la tatu kupunguza papara. Wengi wanaongeza saa za kusoma bila kujua ni fungu gani linalowamaliza.

Nesi_Chumbageni:

Kwenye manunuzi na afya, maana kaka zangu wamejikita kwenye vitabu.

Mwambie baba asubiri. Stetoskopu ya bei itafanya kazi wodini. Mwaka wa kwanza unahitaji ya kawaida tu kwa vitendo vya kupima presha, na ya bei huibiwa bwenini. Afadhali fedha hiyo iende kwenye meza, taa ya kuchaji na betri ya laptop. Vitabu: kimoja cha maelezo na atlasi moja kwa kila somo vinatosha, na kabla ya kununua angalia maktaba ya chuo. Usimalize bumu (fedha ya mkopo) la kwanza kwenye vitabu vitatu vya fiziolojia.

Koti jeupe la mikono mirefu chukua mawili, moja la chumba cha maiti tu, na lisifuliwe pamoja na nguo nyingine. Viatu vya kufunika, glavu, nywele zifungwe. Formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, inawasha macho, kwa hiyo usivae lenzi za machoni humo. Miwani ni bora.

Chanjo ya homa ya ini B usiiache. Tafuta kadi yako ya kliniki ya utotoni uone kama ulichanjwa. Kama hukuchanjwa, dozi ni tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita tangu ya kwanza, ndiyo maana inafaa kuanza hapa Tanga kabla ya safari. Ulizia hospitali ya Bombo au kituo kilicho karibu, na beba kadi ili dozi zilizobaki ukamalizie Dar. Mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya tatu upimwe kingamwili. Kiwango kinachotakiwa ni 10 mIU/mL au zaidi.

BintiMakorora:

Kadi ipo kwa mama, nitaiangalia. Seti ya kupasulia je, kila mtu na yake?

Nesi_Chumbageni:

Mnaweza kuchangia wawili au watatu. Iwe na mpini namba 4 unaopokea nyembe 20 mpaka 24 kwa ngozi, na namba 3 unaopokea 10 mpaka 15 kwa kazi ndogo. Nyembe za mmoja haziingii kwa mwingine, na wauzaji huzichanganya. Koleo moja lenye meno, moja lisilo na meno, mkasi wenye ncha butu na kijiti cha kuchokolea. Wembe unavalishwa na kuvuliwa kwa koleo, kamwe si kwa vidole, na ukivuliwa unaingia kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali.

FundiMifupa:

Naongeza hapo: wembe utautumia kidogo kuliko unavyodhani. Ukishafungua ngozi, kazi nyingi ni ya mkasi butu: unauingiza umefumbwa, unaufumbua taratibu, tishu zinaachana zenyewe na neva zinabaki nzima. Neva ndogo za ngozi ndizo zinazokatwa na wenye haraka, na ndizo zitakazochomwa pini siku ya vituo.